Mbao Kavu za Baba

Baba alitaka kuzikwa kwenye mbao kavu. Alinitamkia hivyo sebuleni kwa dada, Mkolani, akiwa bado anaweza kukaa kwenye kochi, kwa sauti ileile aliyotumia zamani kuagiza misumari. Alikuwa seremala, nusu ya maisha yake ametengeneza majeneza, na kilichomsumbua si kifo. Kilichomsumbua ni jeneza la mama. Alilitengeneza mwenyewe kwa paini iliyotoka kupasuliwa, ukigonga msumari maji yanatoka, maana siku ile hapakuwa na nyingine. Msiba ukasubiri ndugu, jeneza likakaa juani, na tulipofika kaburini kwetu Nansio, ng'ambo ya ziwa, kifuniko kilikuwa kimejikunja kwenye kona, uwazi wa kupitisha vidole. Watu walijifanya hawaoni. Baba aliona, na hakusahau.

"Mimi usinizike kwenye mbao mbichi," aliniambia. "Wewe una ile mashine."

Mashine ni ya bosi, mimi ni mwangalizi tu. Iko Buswelu, ndani ya chumba cha matofali kilichozibwa kila ufa. Ni kama friji kubwa: inavuta unyevu kutoka kwenye hewa, na feni zinapitisha hewa hiyo katikati ya mbao. Mbao tunazipanga kwa vijiti ili zisigusane, juu tunaweka vipande vya zege zisije zikajikunja. Maji yanatoka nje kwa mpira, tone moja moja. Ukiwa na haraka paini inapasuka, ukizubaa inaota ukungu. Kazi yenyewe hasa ni kukaa na kungoja, na mimi kungoja naweza. Watu huniuliza kama sichoki. Nachoka nini, wakati mbao hazina maneno?

Bosi alinikubalia nitumie chumba kabla mzigo wa mteja haujaingia. Nikachagua mbao zisizo na vifundo vingi, nikazipanga, nikafunga mlango, nikawasha. Sikulia wala sikutetemeka. Nilijiona kama mtu anayekausha mbao za dirisha la jirani.

Shida ilianza baba alipomwambia dada, tena kwa furaha. Kwetu mgonjwa hanunuliwi hata sanda, sembuse kuandaliwa jeneza. Huko ni kukiita kifo kwa jina. Dada alinifuata mpaka uani, mwiko wa ugali mkononi.

"Unamchuria baba," akasema.

Nikamwambia mzee ameomba mwenyewe. Akaniuliza, je, akiomba sumu nitampa? Dada ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko. Mimi nilipita jioni tu, shikamoo baba, marahaba, halafu ananiuliza zimefikia wapi. Namjibu zinaendelea. Anatikisa kichwa, anafumba macho.

Siku moja nilimpelekea maji ya zile mbao kwenye chupa ya soda. Ni meupe kama ya kisima, ila yananuka utomvu. Aliyanusa kwa muda, akasema ndiyo hayo yaliyomwaibisha mbele ya mama yetu. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Dada akaingia, akaichukua ile chupa, akamwaga maji dirishani bila kunitazama.

Baadaye bosi alinituma Sengerema kuangalia magogo, nikakaa huko siku tatu. Niliporudi Buswelu nikakuta mpira hautoi hata tone. Moyoni nikasema tayari, zimekauka. Halafu nikasikia kimya. Feni hazikuwa zinazunguka. Umeme ulikuwepo, redio ya mlinzi ilikuwa inaimba, lakini swichi kubwa ya ukutani ilikuwa imeshushwa. Nilipofungua mlango, joto lililovunda likanipiga usoni. Mbao zilikuwa zimeota ukungu wa bluu toka juu mpaka chini. Nikachomeka kipimo cha unyevu. Zilikuwa mbichi bado.

Mlinzi akasema dada yangu alipita nilipokuwa safarini, akasalimia vizuri, akaniachia chakula. Kweli, hotipoti yake ilikuwa juu ya benchi. Ugali na sato, vimeshachacha. Nikaelewa. Hapo ningepaswa kukasirika, na niliitafuta hiyo hasira, sikuiona. Nikamwaga chakula, nikaanza kuosha hotipoti. Simu ikaita mikono ikiwa na povu. Alikuwa dada. Alilia tu, na mimi nikasema sawa, nakuja.

Ndugu wakaamua tuzike kesho yake. Jeneza la dukani ni paini mbichi hiyohiyo iliyopakwa vanishi, kwa hiyo nikachukua zile zangu. Nikazipiga randa mpaka ukungu ukatoka, nikaunga, nikafunga kwa skrubu badala ya misumari. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Nilimpima baba kwa futikamba kama mteja yeyote.

Kwenye kivuko tuliweka jeneza nyuma ya pikapu, nje kwenye jua na upepo. Mimi na dada tukakaa ubavuni mwake. Hatukuwa tumezungumza tangu msiba uanze. Katikati ya safari nikaona kona ya kifuniko inaanza kuinuka, kidogo sana, uzi wa giza. Dada naye akauona. Akauwekea kiganja, akakandamiza, kana kwamba mkono ungeweza kuzuia mbao.

"Nilidhani nikizima mashine, baba atabaki," akasema.

Nikatafuta neno la kumpa. Sikuwa na lolote isipokuwa la kazi. Nikamwambia mbao inajikunja kwa sababu inakauka, basi tusiiache ikauke. Akanitazama kama anayemsikiliza mwehu, kisha akafungua kitenge chake cha juu, akanipa. Nikaomba ndoo kwa watu wa kivuko, nikateka maji ya ziwa, nikakilowesha, tukafunika kifuniko chote. Kila kitenge kilipoanza kukauka, nilimwaga maji tena, na dada alikilaza vizuri kwa mikono miwili, taratibu, jinsi alivyokuwa akimwogesha. Miaka yote nalipwa kutoa maji kwenye mbao, na siku hiyo niliyarudisha yote.

Kifuniko hakikuinuka tena. Tulipofika Nansio, vijana wa ukoo walilibeba jeneza mpaka kaburini, na maji yakawachuruzikia mabegani. Mmoja akauliza kama mvua ilitukuta ziwani. Dada akamjibu ndiyo, ilinyesha sana. Hapo ndipo nilipolia.