Mke wa Fundi na Mifuko ya Jioni

Dukani alikouza misumari, mabati na rangi, wateja walimwita Bonge, naye akawajibu kwa kicheko kikubwa kuliko vyao. Mumewe, fundi cherehani, ndiye pekee aliyejua kwamba nyumbani mkewe hulia bafuni, bomba likiwa wazi. Magoti yalipogoma na sukari kupanda, daktari alimshauri apasuliwe, tumbo lipunguzwe. Akakubali.

Mwili ukaanza kupungua. Fundi akawa anabana magauni yake, mshono baada ya mshono, kimya. Kisha akaanza kurudi jioni na mifuko: nyama ya kukaanga, keki.

"Onja kidogo tu, mama watoto."

Akionja, tumbo linakataa, anatapika mpaka machozi yanamtoka. Lakini huyu ndiye aliyemuuguza hospitalini. Angemkataliaje?

Mshauri wa wagonjwa pale hospitalini, mama mmoja wa sauti ya chini, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wiki ijayo njoo na mwenzako."

Fundi alikuja amenuna, akakaa karibu na mlango.

"Mimi sijapasuliwa. Mnaniitia nini?"

"Unamletea mkeo vyakula vinavyomtapisha," mshauri alisema. "Unalijua hilo?"

Mkewe alikaza mkoba mapajani, akiwaza watakavyorudi nyumbani.

"Nalijua," Fundi akasema.

"Unajua?" Mkewe aligeuka. "Unanisikia natapika, halafu kesho unaleta tena?"

Fundi alisimama, akashika kitasa. Mshauri hakumzuia.

"Wateja wako siku hizi wanakuita mrembo," Fundi alisema, uso kauelekeza mlangoni. "Mimi nilikupenda ulivyokuwa. Kila nikibana gauni, naona namshonea mke wa mtu."

"Nilikuwa nakufa, baba watoto. Ungebaki na hayo magauni."

Mkono wa Fundi ukateleza kwenye kitasa. Akarudi kitini, akajifunika uso.

Hakuomba radhi siku ile. Walirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara. Mwezi mzima walisalimiana kama wapangaji. Lakini mifuko ilikoma, na Fundi akaanza kwenda kwa mshauri peke yake, bila kusema anakwenda wapi.

Jioni moja akachelewesha chakula chake makusudi, akamsubiri mkewe atoke kazini. Wakala meza moja, yeye sahani yake, mkewe vijiko vyake vichache, polepole. Watoto, walionong'ona mwezi mzima juu ya wazazi wao, wakaacha.