Chandarua Kilichofunika Hoho za Ummi

Jua la Tiwi halijapata nguvu. Ummi Abubakar anatembea pekupeku kati ya ndoo zake kumi na mbili kuukuu, akigonga kila ua la hoho kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayeamsha mtoto. Maua yaliyotikiswa hushika vizuri, anasema. Juu ya miche, leso tatu za zamani zinapanda na kushuka kwa upepo, na kivuli chake kina rangi.

"Nikiwa hapa nasahau kabisa kama natakiwa kazini." Kazi yake ni kufua shuka za nyumba za wageni, tangu saa mbili hadi alasiri.

Mwaka jana leso hizo hazikuwapo. Palikuwa na chandarua.

Jua la Machi lilikuwa likipukutisha maua, mche mzima ukibaki na hoho mbili, tatu. Ummi akakiona kitandani chandarua alichopewa kliniki kwa ajili ya bintiye Twaiba, mwenye miaka mitatu. Akakifungua, akakitandaza juu ya ndoo.

"Wee Ummi, hizo hoho ni biharusi?" jirani yake, Kadzo, alimtania. "Mbona umezitia ndani?"

"Ni biharusi, shoga. Subiri uone watoto wake."

Zikazaa kweli, tisa kwa kila mche, matawi yakaegemezwa vijiti. Ummi alikuwa akilala akiota hoho nyekundu zikimulika uani kote kama taa.

Mvua za Aprili zikaja na mbu. Siku ya tatu ya homa, Twaiba alitetemeka mpaka macho yakapinduka. Hospitalini Msambweni muuguzi aliuliza neno moja tu: "Mama, huyu analala ndani ya chandarua?"

"Ningemwambiaje?" Ummi anasema, sauti ikishuka. "Kwamba wanaolala ndani ni hoho?"

Twaiba alilazwa siku sita. Mama unayesoma haya, ukitaka kivuli tafuta makuti, gunia, leso iliyochakaa. Chandarua kina dawa ya kuua mbu, na hoho ni ya kuliwa. Tena ni cha mtoto. Mbu hatakusubiri umalize kuvuna.

Aliporudi nyumbani, Ummi aliivua miche chandarua kile kabla ya kuvua buibui lake. Kilikuwa kimechanika. Alirudi kliniki kuomba kingine, akasema ukweli wote, akapewa. Leso ya kwanza aliileta Kadzo, akaifunga vijitini, siku hiyo bila mzaha.

Sasa kila mche unampa hoho saba. "Mbili zimepungua. Nimezisamehe," anacheka. Inshallah, Ramadhani ikifika anataka ndoo thelathini, ua wote uwe chini ya kivuli cha leso.

Twaiba anatoka ndani, usingizi haujamwisha.

"Mama, hoho yangu imeiva?"

"Bado upande mmoja, mwanangu. Utaichuma mwenyewe."

Shavuni mtoto ana alama za matundu ya chandarua. Ummi anainama, anazipapasa kwa kidole kilekile cha maua.