Mbao Zenye Masizi

Jumamosi iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo kununua msasa na jiwe la kunolea. Kijana wa dukani aliniangalia, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja, kisha akauliza, "Mama, fundi amekwambia msasa namba ngapi?" Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka kwa adabu, akanishauri nimpigie simu mzee nyumbani nisije nikabeba kisichotakiwa. Mzee nyumbani hajui hata randa inashikwa upande gani! Nilinunua nilichofuata, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa nimenuna.

Sasa tangu siku ile kichwa changu kiko Kasansa, kijijini nilikokulia kwa babu na bibi, na wewe ndiye utakayenisikiliza.

Siku za juma nafanya kazi ya ofisini hapa Mpanda. Jumamosi nafungua banda langu nyuma ya nyumba, natengeneza vigoda, rafu za vyombo, na meza ndogo za watu ninaowapenda. Sijasomea popote. Alinifundisha babu mzaa baba, seremala wa milango na viti, ambaye pia alikuwa na mizinga ya nyuki porini. Aliniita mke wangu, kama babu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mimi nilimwita mume wangu na kumtania nilivyotaka. Utani huo ndio ulioniingiza kwenye useremala. Wanaume wenzake wakimuuliza mtoto wa kike anafanya nini na patasi, alijibu, "Mke wangu ananisaidia kazi, nyie inawauma nini?" Wakacheka, yakaisha.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kunoa. Mwezi mzima sikugusa ubao, nilikaa na jiwe, maji na ulimi wa randa, hadi chuma kikaweza kunyoa malaika ya mkononi. Alisema chombo butu ndicho kinachokata watu, maana unakisukuma kwa nguvu kikaruka. Ukitaka kuanza useremala wa kujifurahisha, rafiki yangu, acha kuangalia mashine za kwenye simu. Tafuta msumeno mmoja mzuri, randa, patasi mbili, kona ya kupimia pembe mraba na jiwe la kunolea, halafu unoe. Ubao nao usiupige randa kinyume cha nyuzi zake, utachanika. Upapase kwanza, kama unavyompapasa paka, utajua manyoya yamelalia wapi. Na mninga, kwa ugumu wake, usiupige msumari bila kutoboa kwanza tundu dogo. Babu alipaka misumari nta ya nyuki wake ndipo ikaingia bila kupasua.

Mbao zake alizikaushia jikoni kwa bibi. Juu ya mafiga kulikuwa na kichanja cha fito ambapo bibi aliweka mahindi ya mbegu, na babu akabanana naye hapo na mbao zake. Bibi alilalamika kila siku kwamba vumbi la mbao linaanguka kwenye ugali, ila hakuwahi kuziteremsha. Zilikaa kwenye moshi toka mavuno mpaka mavuno, zikatoka nyeusi ti, zinanuka samaki wa kubanika. Babu alizigonga kwa kifundo cha kidole. Mbichi ilijibu kwa sauti nzito, kavu ikalia kama ngoma. Randa ikipita mara ya kwanza, masizi yanaondoka, na chini yake unatoka wekundu wa mninga. Niliupenda sana wekundu ule, na ndio ulioniponza.

Babu alifariki nikiwa na miaka kama kumi na miwili. Matanga yalipokwisha, wazee wakakaa kikao uani kwetu. Mdogo wake babu, ambaye mimi namwita babu mdogo, alikuja kutoka Mpanda. Akasema sanduku la vyombo liende kwa wanaume wa ukoo, yaani kwake. Bibi akasimama, akasema marehemu aliacha neno kwamba vyombo ni vya mjukuu wake huyu. Babu mdogo hakumtazama hata usoni. "Shemeji, nyamaza," alisema. "Hapa wanazungumza wenye ukoo."

Bibi yangu alikuwa ameamka kabla ya jogoo kuwapikia watu wale. Walikuwa wanalamba vidole vyenye mchuzi wake. Alikaa chini, akaninyooshea mkono nimshike.

Mzee mmoja akaona haya, akanong'ona kwamba mtoto ajaribiwe basi. Babu mdogo akacheka. "Atengeneze kigoda. Nitakuja baada ya mavuno nikikalie. Kikinibeba, sanduku libaki."

Jikoni kulikuwa na mbao tatu za mwisho za babu, nyeusi kama chungu. Niliziangalia nikaona aibu. Nilitaka kitu kitakachong'aa, kitakachowafunga midomo siku hiyohiyo. Jirani yetu alikuwa ametoka kupasua gogo la mninga, mbao zake nyekundu zinapendeza macho, nikamwomba moja. Nilikata, nikapiga randa, nikachomeka miguu kwenye matundu yake ikabana hasa. Kila aliyepita alikisifia kigoda changu. Bibi peke yake alikigonga kwa kidole, akarudi jikoni.

Kiangazi kikaja na upepo wake. Ubao mbichi ukaanza kusinyaa na miguu ikawa inacheza kwenye matundu. Mimi nilijua tatizo, maana nilikuwa nimefundishwa. Nilichofanya ni kuziba nyufa kwa nta nikamwomba Mungu. Babu mdogo alikuja, akakaa, miguu ikaenda pande nne, na yeye akaenda chini na kofia yake. Wote walicheka. Aliinuka, akajikung'uta, akapakia sanduku kwenye gari.

Nililia hadi nikapata kwikwi. Bibi hakunibembeleza. Alipanda juu ya kinu, akateremsha ubao mmoja kutoka kichanjani, akautupa mbele yangu. "Huu mume wako alikukaushia wewe. Uliona masizi tu?"

Hatukuwa na vyombo. Tulikuwa na panga, tezo ndogo ambayo bibi alichongea miko, kisu, na ukaidi. Kuchonga tulichonga kwa tezo. Matundu tuliyatoboa kwa chuma kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu, moshi unatutoa machozi. Kulainisha tulikwangua kwa kipande cha chupa, tukamalizia na majani ya msasa ya porini, ambayo yanakwaruza vizuri kuliko karatasi za dukani. Ilituchukua masika yote. Hadi leo, ubao nikiuleta nyumbani naupima kwenye mizani kila wiki. Ukiendelea kupungua uzito, bado, uache. Ukiacha kupungua, ndipo naushika.

Kigoda kilipokwisha, bibi alinikalisha. "Mimi kwake ni shemeji," alisema, "heshima imenifunga mdomo. Wewe kwake ni mke. Nani atakufunga?"

Tukapanda lori la mpunga mpaka Mpanda, kigoda nimekipakata. Ilikuwa Jumapili, babu mdogo amekaa barazani kwake na wageni waliotoka kanisani. Niliwapigia goti wakubwa, nikawasalimia shikamoo kama inavyotakiwa, kisha nikakiweka kigoda katikati yao.

"Mume wangu," nikasema kwa sauti, "mke wako nimekuletea kiti. Kaa."

Wageni wakaanza kucheka. Kwenye utani wa mjukuu huwezi kukasirika, ukikasirika wewe ndiye uliyeshindwa. Akakaa. Akajitikisa huku na huku, akitafuta pa kuanguka. Kigoda hakikulia hata kidogo.

"Kimekubeba?"

"Kimenibeba, mke wangu."

"Basi nipe vyombo vyangu. Au wewe ni mwanaume gani unamnyima mkeo jembe halafu unataka ale?"

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Mgeni mmoja alijipiga mapaja kwa mikono, akisema mzee, mpe mkeo, mpe. Babu mdogo alicheka kwa meno, akaingia ndani, akakaa sana. Alirudi na randa peke yake, imefungwa kwenye gunia. Msumeno ulikuwa buchani unakata mifupa. Patasi zilitumika kufungulia makopo hadi zikavunjika. Sanduku lenyewe lilikuwa limegeuzwa kiota cha kuku. Bibi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nilimpelekea randa, akaipokea, akaipangusa kwa kanga yake. Aliuliza msumeno uko wapi, nikamwambia. Akasema twende nyumbani.

Bibi hayupo tena. Jiko lake lilianguka na kichanja chake, na hakuna aliyelijenga upya. Mninga mnene uliokuwa unaonekana toka uani kwetu sasa unautafuta kwa safari, na watu wananunua makabati ya unga wa mbao uliogandishwa, yakimwagikiwa maji yanavimba kama andazi. Harufu ile ya moshi na mninga sijaipata popote, na nimeitafuta. Naikumbuka nikiwa hapa bandani, na inaniuma.

Babu mdogo alifariki mwaka juzi. Ukoo ukakaa kikao, safari hii wakanitumia mjumbe mimi, maana sasa waliniona seremala. Wakaniomba nitengeneze jeneza lake. Nililitengeneza kwa mbao kavu kabisa, nikalipiga randa ya kaka yake mpaka likateleza mkononi, maana ubao haukunikosea kitu. Watu waliligusa makaburini wakasema, tazama, amemsamehe.

Sanduku nilimsamehe zamani. Lakini alimwambia bibi yangu anyamaze, mbele ya watu waliokuwa wanakula chakula chake, na hakurudi kumwomba radhi hadi bibi anaingia kaburini. Hilo sijamsamehe, na sitaki mtu anibembeleze.