Kinyozi na Vyuo Vitatu

Kinyozi wangu wa Cleveland hukata nywele kwa mkasi tu, na kabla ya kufika sikioni hulikunja sikio lako taratibu kwa kidole gumba. Aprili nzima alimuuliza kila mteja: "Ungekuwa wewe, binti yako amekubaliwa Yale, Princeton na Chicago, ungempeleka wapi?" Mwenyewe alitaka Yale. Siku ya mwisho ya kujibu, binti yake aliingia mimi nikiwa kitini.

"Baba, nimechagua Chicago. Ni karibu zaidi na nyumbani."

Mkasi ukasimama. "Kama ni kwa ajili yangu, kabadilishe."

"Si kwa ajili yako. Nilipotembelea chuo, wanafunzi walibishana nami mpaka kahawa ikapoa. Nimetamani kurudi tangu siku ile."

Kinyozi akaanza kukata upya upande aliokwisha kuumaliza, nami nikamwacha.