Nilivyojaza Karatasi ya Mzee Yotamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudi mara nne kuhakikisha kwamba kabati la dawa nimelifunga. Naanza na hilo ili wewe kijana unayesoma ujue mapema umekutana na mtu wa namna gani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, jambo la nadra wakati wa Mwingereza, nikafundishwa kazi miaka miwili katika hospitali ya jimbo, kisha nikapelekwa kwetu Tunduma kuwa dresa. Dresa alikuwa mtu wa kila kitu. Alisafisha vidonda ndugu, vile vya miguuni visivyopona, alichoma sindano za buba, aligawa kwinini na chumvi ya haluli ya kulainisha choo, na jioni aliandika katika daftari kubwa kila mtu aliyepita mikononi mwake.

Dresa niliyempokea kazi, mtu wa Mbozi aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye mibuni yake, alinionyesha chupa rafuni.

"Nyekundu, kifua. Nyeupe, tumbo. Hii ya kahawia ni bromaidi, ya watu wasiopata usingizi. Usiimwage ovyo."

"Nani hapati usingizi hapa Tunduma?"

"Subiri," alisema, akacheka. "Utamjua."

Nilimjua baada ya wiki mbili. Alikuwa mimi.

Zahanati yetu ilikuwa vyumba viwili vya matofali mabichi, kando ya barabara iendayo Rodesia ya Kaskazini. Kila asubuhi walipita vijana wanaokwenda kwenye migodi ya shaba, nami niliwakagua mikono kuona kama wana kovu la chanjo ya ndui. Asiye na kovu nilimchanja. Nililala nikiwaza: je, yule wa mwisho nilimtazama vizuri? Kama amevuka na ndui, je? Nilikuwa najishika kifundo cha mkono gizani na kuhesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe, na kadiri nilivyohesabu ndivyo yalivyozidi kukimbia. Ugonjwa huo sikuuandika katika daftari lolote.

Daktari wa Wilaya alikuja mara moja kwa mwezi. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alipenda mwandiko wangu. "Ripoti zako husomeka," aliniambia, "siku moja zitakupeleka mbali." Sentensi hiyo niliibeba miaka mingi, na nitaeleza ilinifikisha wapi.

Nilihamishwa Isongole, kwenye baridi ya milima ya Ileje. Huko nilijifunza kutambua kichomi kwa kuweka sikio mgongoni mwa mtoto, maana kifaa cha kusikilizia kifua hatukuwa nacho. Wandali na Walambya wa huko hawakuniita Dresa. Waliniita Baba Dawa, nami nilikuwa bado sijaoa. Kisha nikarudishwa Tunduma, safari hii mimi ndiye mkuu wa zahanati, na nimekwisha kuwa mzee wa kanisa. Ilikuwa miaka ya hamsini imeanza. Serikali iliamuru kila mkulima alime matuta ya kuzuia mmomonyoko, watu walinung'unika, na neno siasa lilianza kusemwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa wa aibu.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la Mzee Yotamu.

Yotamu Simbeye alikuwa mwinjilisti. Shule ya kwanza niliyoingia ilikuwa yake, darasa la miti na nyasi nyuma ya kanisa, na yeye ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza mchangani. Mwanawe wa pekee, Amosi, alikwenda kwenye migodi. Jiwe lilimwangukia chini ya ardhi, akazikwa huko huko. Mtu wa Kibemba alileta shati lake na viatu, akasema, "Mwapoleni mukwai," salamu ya heshima ya kwao.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Yotamu alisimama mpakani, uso ameuelekeza Rodesia, akaita: "Amosi! Amosi we! Nyumbani ni huku!" Aliita mara tatu. Akimaliza aliwageukia vijana wanaongoja lori na kuwaambia, "Na ninyi, nani atawaita? Kodi ndiyo inayowapakia kwenye lori, halafu mnadhani mmepanda wenyewe." Baadhi ya vijana walianza kurudi makwao. Kwenye baraza la matuta alisimama akayasema hayo hayo mbele ya Mwene, yaani chifu wetu, na mbele ya Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya.

Bwana Shauri alikuja zahanati siku ya tatu baada ya baraza. Hakuketi.

"Dresa, mzee huyu ana wazimu au ana siasa?"

"Sijui, Bwana."

"Kama ana siasa, nitaleta polisi, nao watamfanya shujaa. Kama ana wazimu, nahitaji karatasi yako tu."

Utaratibu ulikuwa huu. Anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa akili alilazwa siku saba, akaangaliwa, na mwangalizi akajaza karatasi ya maswali. Daktari alitia saini, na hakimu, ambaye kwetu alikuwa ni Bwana Shauri huyo huyo, aliamuru mtu apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali sana, safari ya siku kadhaa. Daktari wetu alikuwa anafunga mizigo kwenda likizo kwao. Alinipa karatasi akasema, "Wewe unawajua watu wako. Nitatia saini utakachoandika." Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Nafasi ya kuongoza zahanati kubwa ya Vwawa iko wazi. Nimelitaja jina lako."

Yotamu alikaa siku saba katika chumba cha pili. Alilala vizuri kuliko mimi. Alikula ugali wa ulezi aliouleta dada yake, Nambeye, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, na alijua siku, mwezi, na jina la kila mtu. Asubuhi alisimama mlangoni akaita mara tatu, kisha akaketi na kunitania.

"Dresa, leo umenihesabu pumzi ngapi?"

"Kumi na nane kwa dakika, Mwalimu."

"Na za kwako je? Maana unahema kama mbwa aliyefukuza lori."

Niliandika: anacheka bila sababu. Mungu anisamehe, sababu ilikuwa mimi.

Siku ya tano alikuja mchungaji wetu. Alinivuta kando. "Andika kwamba ni mgonjwa," alisema. "Ukiandika kwamba hii ni desturi, itakuwa mwinjilisti wangu anaita wafu, nami nitalazimika kumtenga na meza ya Bwana. Mgonjwa hatengwi. Tumwokoe." Nilimwona ana machozi. Sidhani alikuwa mwongo. Nadhani aliogopa, kama mimi, ila hofu yake ilivaa joho.

Siku ya sita, Nambeye aliweka kapu lake chini mbele ya meza yangu.

"Wewe si wa hapa hapa?"

"Ni wa hapa, Mama."

"Babu yako hakumwita baba yako mdogo, yule aliyefia kwenye vita ya Mjerumani akibeba mizigo?"

"Alimwita."

"Alimwita siku ngapi?"

"Mpaka ulezi ulipovunwa."

"Na ulezi wa mwaka huu umevunwa?"

"Bado."

"Basi andika hivyo, mwanangu. Andika tu hivyo."

Ilikuwa kweli yote. Katika koo zetu nyingi, mtu akifa mbali na asirudishwe, mzazi humwita njiani asubuhi mpaka mavuno, ili asipotee. Baada ya mavuno huacha, hunyoa nywele, na maisha yanaendelea. Nilimwona babu yangu akifanya hivyo, mimi nimeshika upindo wa nguo yake.

Swali la kumi na moja la karatasi liliuliza: je, tendo hili ni desturi ya watu wake? Aliyelitunga alikuwa mtu mwenye akili. Aliacha mlango wazi makusudi kwa ajili ya wazee kama Yotamu, na akaniweka mimi bawabu. Niliwaza kwamba nikiandika ndiyo, Daktari ataona kwamba msaidizi wake msomi ametoka kwa watu wanaoita maiti barabarani. Bwana Shauri ataona kwamba nina siasa. Mchungaji ataona kwamba nimempoteza mwinjilisti wake. Vwawa itakwenda kwa mwingine. Niliandika: Hapana.

Hakuna aliyenishika mkono. Nimekaa na jambo hili miaka mingi nikijaribu kumtafuta mtu wa kugawana naye, na simpati.

Walimchukua siku ya nane kwa lori la Boma. Alivaa koti lake la Jumapili. Kabla ya kupanda alinitazama.

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika, Mwalimu."

"Mwandiko wako siku zote ulikuwa mzuri."

Nambeye alisimama barabarani, mikono kichwani, mpaka vumbi likatua.

Vwawa nilipewa. Nyumba ya bati, mshahara ulioongezeka, wasaidizi wawili chini yangu. Nilitibu watu vizuri, hilo siwezi kulikana. Lakini nilianza kuogopa karatasi. Cheti cha mapumziko ya siku mbili kilinichukua saa nzima. Mke wangu alinikuta mara nyingi nimesimama mbele ya kabati la dawa, nikilitazama. "Limefungwa," alikuwa ananiambia taratibu, kama anavyoambiwa mtoto. Kanisani nilisoma zaburi mbele ya watu nikasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Katika mwaka wa pili nilipata ujasiri, nikamwandikia daktari mpya, nikaeleza swali la kumi na moja na jibu lake la kweli. Alijibu kwa mstari mmoja: mgonjwa yuko mikononi mwa wataalamu, na faili limefungwa.

Baada ya miaka mitatu walimrudisha, na barua inayosema ametulia. Niliposikia nilipanda lori kwenda Tunduma siku hiyo hiyo. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, mikono inamtetemeka magotini. Nambeye alikuwa anapeta ulezi. Sikungoja kukaribishwa. Nilipiga magoti nikasema yote: swali, jibu, Vwawa.

Yotamu alisikiliza mpaka mwisho. Maneno yalimtoka polepole, kama anayeyatafuta chini ya mto.

"Nilijua. Karani wa Boma alinisomea kabla lori halijaondoka."

"Mbona hukusema?"

Nambeye ndiye aliyejibu, ungo bado mikononi. "Sisi tulitaka kuja kukuvunjia mlango. Wanaume walikwisha shika mipini. Yeye akakataza. Alisema, mkimwangusha huyu, watoto watachomwa sindano na nani? Wataleta mgeni ambaye ukimwambia unaumwa hapa, anashika pale."

"Mwalimu," nilisema, "nifanye nini?"

"Rudi kazini."

"Na Amosi?" Sijui kwa nini niliuliza.

Alitazama upande wa mpaka. "Sauti imeishia kule hospitalini," alisema. "Ile dawa yao inakausha." Nambeye aliupiga ungo kwa nguvu, pumba zikanirukia usoni.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo mna vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Sina la kuwafundisha kuhusu dawa. Kuhusu woga ninalo moja: mwoga hajisikii mwovu. Anajisikia mwangalifu. Mimi nilikuwa mtu mwangalifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Serikali, dini na elimu yangu vilinipa kila kimoja sababu nzuri ya kuandika neno lile, na kama visingenipa, ningezitafuta mwenyewe.

Niliomba kurudishwa Tunduma nimalizie kazi huko, nikakubaliwa, nikastaafu pale bendera ya Mwingereza ikiwa bado mlingotini. Watu walinichangia mbuzi na blanketi. Mkuu mmoja kutoka wilayani alisoma hotuba, akasema kwamba katika utumishi wangu wote haikupatikana ripoti hata moja yenye kosa. Watu walipiga makofi. Mzee Yotamu alikuwa benchi la mbele, naye alipiga makofi, taratibu, viganja vikikosana kwa kule kutetemeka.

Niliinuka kujibu. Nilikuwa nimeamua niseme, mbele ya wote, mbele ya mkuu. Nilimtazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, hapana, kisha akaelekeza macho kwa mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma ya umati na mtoto anayekohoa mgongoni.

Nikamshukuru mkuu, nikaishukuru Serikali, nikashuka kwenda kumsikiliza mtoto kifua.