Mkono Mgongoni

Marahaba, mwanangu, kaa. Nasikia kesho unavuka daraja la Rusumo kwenda kushindana baiskeli Rwanda. Hiyo baiskeli yako hata kuku akiigonga inaanguka, lakini sikucheki. Naikumbuka siku yangu, nilipokwenda huko huko nikiwa kijana, na ya kwangu ilikuwa hii ya kubebea ndizi hapa Murukulazo. Nilifungua keria tu, nikajiona mwanamashindano!

Nilikwenda peke yangu. Asubuhi pale pa kuanzia kila mtu ana watu wake, huyu anapigwa picha, yule anamwagiwa maji kichwani, mimi nimesimama kama mtu anayesubiri kinyozi. Aliyenisalimia ni mmoja tu, kijana aitwaye Desire. Aliona mnyororo wangu umelegea, akachukua spana akaukaza. Akaniambia watakaotangulia watachukuliwa na klabu kufundishwa, na kwamba baba yake amesema akikosa safari hii anarudi shambani. Nilimpenda kama ndugu.

Basi, mlima wa mwisho tukaupanda pamoja, wengi tumewaacha. Nikamwona anaanza kuyumba. Sasa wewe unajua kwetu, mtu akilemewa na mzigo mlimani, unamsukuma. Huulizi jina lake wala kabila. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikamwekea kiganja mgongoni, nikamsukuma mpaka juu, moyo umenijaa furaha kweli.

Kumbe mwamuzi yuko nyuma yetu kwenye pikipiki. Akapiga filimbi, akatusimamisha wote wawili. Kusukumana hakuruhusiwi, tumetolewa.

"Nani alikuomba?" Desire akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nilikuwa nafika! Nilikuwa nafika mwenyewe!"

"Nisamehe, ndugu yangu, kwetu..."

"Hapa si kwenu."

Hakunitazama tena. Alikaa kando ya barabara akalia, mimi nikakosa hata pa kusimama. Mtu pekee niliyekuwa naye nchi nzima ile, nilikuwa nimemharibia.

Nikarudi siku ile ile. Ukishavuka daraja kuna ule mlima wa upande wetu, unaujua. Miguu ilikataa, nikashuka nikawa naikokota baiskeli. Mara nikahisi baiskeli imekuwa nyepesi. Kugeuka, namwona mama mmoja aliyetoka kulima, jembe begani, ameshika tandiko anasukuma. "Pole, mwanangu," akasema, basi. Alinifikisha juu, akashika njia ya kwake. Nililia, wala sikujificha.

Kwa hiyo nisikilize. Ugenini uliza kwanza, hata jambo unalolijua tangu unanyonya. Muulize mtu kama msaada wako unamfaa, maana nilimvunja mwenzangu kwa moyo mzuri kabisa. Ukijikuta huna wa kusema naye huko, usione aibu, si wewe wa kwanza. Lakini ukirudi ukamkuta mtu anahangaika mlimani, usije ukajifanya umesahau. Huku usiulize. Sukuma.

Haya, nenda. Mungu akuvushe daraja salama, akupe wa kukukazia mnyororo, na siku utakayochoka akuwekee mkono nyuma yako. Na Desire, popote alipo, naye amwekee.