Nilivyotoka dirishani kwenye suite ya ntemi kwa sababu ya mama mkwe

Wakuu, salaam kwenu nyote. Sina sababu ya kuwadanganya kwenye hili, maana anayechekwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini mwishoni, Shinyanga. Nilikuwa karani kwenye kinu cha pamba, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Kambarage. Nimempenda binti anaitwa Kabula, kwao ni wafugaji upande wa Chato. Wazazi wake wakatuma habari kwamba wanakuja kumwona huyo anayemtaka mtoto wao. Wasiporidhika, hakuna ndoa.

Sasa wakuu, wakwe unawalaza wapi kwenye chumba kimoja?

Nje kidogo ya mji kulikuwa na ikulu ya zamani ya ntemi, yaani chifu wa Kisukuma. Tangu utemi ufutwe, ilikuwa imebaki ya popo. Mfanyabiashara mmoja Mhindi, sisi tukimwita Baba Salim, akaikarabati iwe hoteli. Kuta nene zikapakwa chokaa, mlango wa nakshi ukabaki, na vile viti vya ntemi vya miguu mitatu akavipanga sebuleni. Vitanda vya mninga, mazulia, maji ya moto bombani. Aisee, kwa Shinyanga ya wakati ule ilikuwa kama peponi.

Baba Salim alinifahamu, na alitaka watu wa kujaribu vyumba kabla ya kufungua. Akanipa suite nzima bure: sebule na vyumba viwili vya kulala. Mimi kimoja, wakwe kingine. Nikaona nimemaliza kazi; wakwe wakidhani ni kwangu, sitawabishia.

Wakafika na basi, vumbi tupu. Mzee Masanja, babake Kabula, akagusa zile kuta, akaguna tu. Mama Kabula akashika kitanda kwa kidole kimoja kama anajaribu uji wa moto. Nikawaamkia kwa adabu zote, nikajifungia chumbani kwangu. Usukumani mtu hazoeani na mama mkwe. Ukimwona anakuja, unapisha njia.

Asubuhi nimejifunga taulo, nimebanwa kweli kweli, naenda bafuni. Nimeshashika kitasa nikasikia maji yanamwagika, na mama mkwe anaimba taratibu.

Wakuu, bafu lilikuwa moja, lina milango miwili. Mmoja unatokea kwangu, wa pili kwao. Vyumba nilivikagua vyote, bafu sikulifikiria kabisa.

Ningeusukuma ule mlango, Kabula ningemsahau siku hiyo hiyo. Kupita sebuleni na taulo? Mama anaweza kutokea muda wowote. Na kule chini hali haisubiri.

Nikakumbuka kuna choo cha wafanyakazi nyuma ya nyumba. Nikapanda dirishani.

Kuta za ntemi si mchezo, dirisha refu kama handaki. Nimetoa kichwa na mguu mmoja, nikamwona Mzee Masanja amesimama pale nje na fimbo yake, anaangalia bati jipya.

Nikamwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Sikujua niseme nini kingine.

Akaniangalia, akaliangalia dirisha. "Mlango umeharibika?"

"Hapana baba. Mama yuko bafuni."

"Kwa hiyo?"

"Bafu ni moja, baba. Nimeogopa kukutana naye."

Nilijua yameisha, nikaanza hata kufikiria nitamwambia nini Kabula. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Shuka, usije ukavunjika," akasema. "Nyumba hii si yako, hilo nalijua tangu jana. Usiku kucha nimejiuliza kama huyu kijana anayejionyesha ana heshima yoyote."

Akanishika mkono, akanivuta nje, akanionyesha choo kilipo.

Niliporudi chumbani nikavaa shati na kutoka tena nje, nilimkuta anaongea na mkewe kupitia dirisha la chumba chao. Mama akauliza kimetokea nini mpaka anacheka hivyo. Mzee akamjibu, "Vaa tuanze safari. Ng'ombe wa mahari tutazungumza na wazee wa huyu kijana. Mtoto wetu nimeshampa."

Nilichojifunza, wakuu: ukiwalaza wakwe hotelini, kabla ya kusifu kitanda, ulizia bafu lina milango mingapi.

Nanyi mliowahi kuwakimbia wakwe, msinicheke peke yangu. Semeni mlitokea wapi.